MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Baiskeli kwa Gobore

Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya biashara ya kubadilishana. Huenda nawe umewahi kuletewa biashara kama hii, au utaletewa siku moja. Soma polepole. Penye hesabu, chukua kalamu.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa barazani, kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa huku Chamazi, Wilaya ya Temeke. Alikuja mkulima mmoja ninayemfahamu. Anakaa Chamazi, lakini shamba lake la mihogo liko mbele, upande wa msitu wa Vikindu. Ni ekari moja na nusu. Aliegemeza baiskeli yake kwenye mwembe, akaja kunisalimu.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, ndugu yangu. Habari za shamba?"

"Shamba si zuri. Nguruwe wameingia tena jana usiku. Wamechimba mistari saba."

Akakaa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema neno lililomleta.

"Shemeji yangu ana gobore la marehemu baba yake. Anataka nimpe baiskeli hii, naye anipe gobore. Wewe unajua hesabu za shamba. Je, nitapata faida au hasara?"

Nikamwuliza, "Gobore hilo lina karatasi?"

"Linayo. Nimeiona kwa macho yangu. Ina muhuri wa polisi."

Sikumjibu mara moja. Mtu aliyelala njaa kwa sababu ya nguruwe hataki kuhubiriwa. Nilichukua karatasi, nikaigeuza nyuma, tukaanza hesabu.

Tulianza na baiskeli. Mkulima huyu hubeba mihogo yake mpaka soko la Mbagala Rangi Tatu. Siku ambazo hana mihogo, huwabebea watu maji kwa madumu. Aliniambia kwamba akishakula na kunywa chai, hubaki na shilingi 5,000 kwa siku. Hufanya kazi hiyo siku 20 kwa mwezi. Zidisha 5,000 mara 20. Ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni shilingi 1,200,000. Toa tairi, mipira, mnyororo na fundi, tuseme 150,000. Inabaki 1,050,000 kwa mwaka.

Tukaja kwa nguruwe. Mwaka jana walimharibia magunia manane. Kila gunia angeuza shilingi 40,000. Zidisha 40,000 mara 8. Ni shilingi 320,000. Hiyo si hasara ndogo. Ni ada, ni sare za shule, ni dawa za watoto.

Nikamwambia, "Unaona? Unatoa kitu kinachokupa 1,050,000, unapokea kitu cha kuokoa 320,000."

Lakini yule bwana si mjinga. Alinijibu hivi: "Baiskeli kama hii, iliyotumika, naweza kupata nyingine kwa shilingi 120,000. Nitakopa, nitalipa. Kwa hiyo kitu ninachotoa si 1,050,000. Ninatoa 120,000. Nikiokoa 320,000, nimepata 200,000 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili napata zote."

Ndugu msomaji, kalamu yangu ilisimama. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu. Ukihesabu fedha tu, na ukikubali kwamba gobore litazuia nguruwe wote, biashara ile inalipa. Ndiyo maana watu wengi huifanya.

Basi tukauliza swali la pili. Je, gobore litazuia nguruwe?

Gobore ni bunduki ya kushindiliwa kwa mdomoni. Unamimina baruti kwenye mtutu. Unashindilia kitambaa au nyuzi. Unatia vipande vya chuma. Unashindilia tena. Kisha unaweka fataki, ndipo unafyatua. Risasi ni moja tu. Ukikosa, unaanza tena kushindilia, gizani, huku mikono inatetemeka.

Nguruwe pori huja usiku. Huja kwa kundi. Macho yake si makali, lakini pua yake ni kali sana. Harufu yako na harufu ya baruti huipata kabla hujamwona. Tuseme umebahatika, umempiga mmoja. Wengine wanakimbilia shamba la jirani. Baada ya siku chache wanarudi kwako. Na jike huzaa watoto kadhaa kwa mara moja. Ukimjeruhi tu bila kumwua, ni hatari zaidi. Nguruwe mwenye jeraha humgeukia mtu, na meno yake hukata kama kisu.

Magobore mengi yametengenezwa na wahunzi wetu, na mtutu wake mara nyingine ni bomba la maji. Bomba halikutengenezwa ili libebe baruti. Baba yangu mdogo alikuwa na gobore la namna hiyo. Siku moja lilipasukia mkononi mwake. Alipoteza kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Tangu siku ile hakuweza kushika jembe vizuri. Nguruwe waliendelea kuja, na sasa hapakuwa na mtu wa kulima. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia vifungo vya shati.

Jambo jingine ni nyumba. Zamani huku kulikuwa mashamba ya minazi na mikorosho, na mtu alimwona jirani kwa mbali. Leo Chamazi, Mbande na Toangoma zimejaa nyumba. Kule Kinondoni ni hivyo hivyo. Mabwepande na Bunju watu wamejenga mpaka karibu na msitu wa Pande. Ukifyatua gobore usiku kuelekea kichakani, unajua nyuma ya kichaka kuna nani?

Mkulima wangu akakuna kichwa. Akasema, "Sawa. Lakini hata mlio tu utawatisha." Ni kweli, mlio huwatisha, kwa siku mbili tatu. Bati kuukuu likipigwa kwa nguvu huwatisha pia, wala halihitaji baruti.

Sasa tukafika kwenye karatasi. Hapa naomba usome mara mbili.

Mwaka 2015 Bunge letu lilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Chini ya sheria hiyo gobore ni silaha. Halina msamaha kwa kuwa ni la zamani, au kwa kuwa limetengenezwa kijijini. Mtu haruhusiwi kuwa nalo bila leseni. Haruhusiwi kuliuza, kulinunua, kuligawa wala kulibadilisha na baiskeli kwa makubaliano ya watu wawili tu.

Na leseni ni ya mtu. Si ya bunduki. Fikiri hivi. Baba yako alikuwa dereva, alikuwa na leseni ya udereva. Amefariki. Je, leseni yake inakuruhusu wewe kuendesha gari? Basi, karatasi ile yenye muhuri wa polisi ilikuwa na jina la marehemu. Haikuwa na jina la shemeji. Haikuwa na jina la mkulima wangu. Shemeji alikuwa anatoa kitu ambacho hakikuwa mali yake ya kutoa.

Nikamwuliza, "Mzee alifariki lini?" Akasema mwaka 2013. Nikamwuliza tena, "Mwaka 2016, Serikali ilipowataka wote wenye silaha wazipeleke zihakikiwe, gobore hili lilipelekwa?" Hakujua. Jioni alimpigia simu shemeji yake. Halikupelekwa. Miaka yote hiyo lilikuwa juu ya dari, limefungwa kwenye mkeka.

Mtu akikamatwa na silaha bila leseni, mara nyingi hushtakiwa pia kwa sheria ya makosa ya uhujumu uchumi. Mahakama zetu zimekwisha kuwahukumu watu kifungo cha miaka 20 kwa kupatikana na gobore. Nilimwomba mkulima wangu afanye hesabu nyingine. Mwanawe wa mwisho ana miaka minne. Ongeza 20. Akasema kwa sauti ndogo, "Ishirini na nne." Hatukuandika hesabu hiyo kwenye karatasi.

Pengine utasema Serikali ni kali mno kwa mkulima anayelinda mihogo yake. Hata mimi nimewahi kufikiri hivyo. Lakini kumbuka mambo yaliyotokea karibu nasi. Mwezi wa Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, wakaua watu na kuchukua silaha. Tarehe 23 Agosti 2016 askari polisi wanne waliuawa hapa Mbande, walipokuwa kazini kwenye benki. Silaha zao pia zilichukuliwa. Sisi wa Chamazi tulisikia milio ile. Baada ya hapo, askari akikuta mtu na silaha isiyo na jina lake njiani usiku, hawezi kujua kama ni mkulima au ni mwingine.

Kuna na jambo la nyama. Watu hunong'ona kwamba ukimpiga nguruwe utauza nyama, nayo italipa baruti. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama ya mnyama pori bila kibali ni nyara ya Serikali. Hilo ni kosa la pili juu ya lile la kwanza. Mnyama akisumbua, mpelekee habari Mtendaji, naye atamwita Afisa Wanyamapori, yule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Nyama. Najua huchelewa kufika. Hata hivyo, taarifa yako iandikwe, na uiandike tena wiki inayofuata.

Je, hakuna njia halali ya kuwa na bunduki? Ipo. Maombi huanzia Serikali ya Mtaa au ya kijiji, yanapita Kata, yanafika kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kwenye kamati za ulinzi na usalama, mpaka kwa Msajili wa Silaha. Utaulizwa kwa nini unaitaka, utaiweka wapi, na mwenendo wako ukoje. Ni njia ndefu, na ina gharama. Kwa ekari moja na nusu ya mihogo, mimi singeianza.

Sasa nataka nikurudishe nyuma kidogo, maana biashara ya kupokea bunduki kuukuu si mpya katika nchi yetu. Katika miaka ya 1800 misafara ilipita hapa pwani ikienda bara, Unyamwezi na mbele yake. Watu wa bara walitoa meno ya tembo, wakapokea bunduki. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yamepata bunduki mpya, za kutia risasi kwa nyuma, kwa hiyo yale magobore ya zamani yaliletwa kuuzwa kwetu. Meno ya tembo yalipita Unguja, yakaenda Uingereza, Bara Hindi na Marekani, yakatengenezwa vitufe vya piano na bangili. Tazama biashara ile. Mwenye bunduki aliiuza mara moja, lakini baruti aliiuza kila mwaka. Mwenye pembe alibaki na chuma kisichofanya kazi mpaka amrudie mfanyabiashara yule yule. Mkulima wangu naye angenunua baruti kwa nani? Kwa mtu wa kificho, kwa bei ya mtu huyo. Baruti pia ina sheria yake.

Na vita vya wakulima wa huku na nguruwe havikuanza leo. Hapa ni Uzaramo. Zamani Wazaramo waliwawinda nguruwe kwa nyavu, wanaume wa kijiji kizima wakitoka pamoja. Ulipokuja utawala wa Wajerumani, uliwekea masharti uwindaji na silaha. Tena tangu mwaka 1902 watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Wanaume wakaondoka kwenye mashamba yao ya chakula. Nguruwe wakazidi, chakula kikapungua. Hasira za aina hiyo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watu kwenye Vita vya Majimaji, vilivyoanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905. Angalia vizuri: kilichowashinda nguruwe wakati ule ni wanaume wa kijiji kizima kutoka pamoja. Umoja ule ulipovunjwa, nguruwe wakashinda.

Kwa hiyo nilimwuliza mkulima wangu, "Huko shambani una majirani wangapi?" Akasema watano. "Mnalinda pamoja?" Akasema hapana, kila mtu analala kwake, na kila mtu hupanda siku yake. Hapo ndipo nilipoona kazi yangu.

Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Fyeka ukanda wa hatua kumi kati ya kichaka na shamba. Ufyeke wote, bila kuacha kisiki chenye majani, na urudie kila majani yanapoota. Mashamba sita yaliyo pamoja yana ukingo mfupi kuliko mashamba sita yaliyotawanyika, kwa hiyo kufyeka kwa pamoja ni kazi ndogo kwa kila mtu. Pandeni wiki moja. Ukipanda peke yako mapema, nguruwe wote ni wa kwako.

Mihogo mitamu kama Kiroba ipandwe katikati. Pembeni, upande wa msitu, weka mihogo michungu. Nguruwe hula pia michungu akizidiwa na njaa, lakini huanza na mitamu. Michungu ina sumu. Usiile mibichi, wala usiwape watoto waichome. Imenye, ivundike, ikaushe iwe makopa kwanza.

Kisha jengeni dungu moja, si sita. Lindeni kwa zamu, watu wawili kila usiku, wakiwa na bati, tochi na moto. Watu sita wakigawana, zamu yako ni usiku mmoja kati ya mitatu. Mbwa wawili wazuri ni bora kuliko gobore moja, maana mbwa hafyatuki nyumbani kwa bahati mbaya. Watu wengine husifu kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Zinasaidia kwa tembo. Kwa nguruwe, mimi sijaona faida yake kubwa.

Usitege sumu. Usitege waya. Usichimbe shimo njiani. Mtoto hufika kabla ya nguruwe.

Lilibaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni shemeji. Mkulima wangu alisema, "Nikikataa, ataona nimemdharau. Na dada yake yuko ndani ya nyumba yangu." Hapo hakuna hesabu. Nilimshauri asiende kukataa tu. Aende na neno la kumsaidia. Amwambie, "Shemeji, kitu hiki kinakuhatarisha wewe kabla ya mimi. Tukiondoe kwako kwa heshima."

Walikwenda pamoja, yeye, shemeji na mama mzaa chema. Hawakulibeba gobore barabarani. Hilo ndilo kosa la watu wengi: wanataka kusalimisha, wanakamatwa njiani. Walikwenda kwanza kwa Mwenyekiti wa mtaa wa shemeji, mikono mitupu, na karatasi ya marehemu. Mwenyekiti aliwapeleka kwa Mtendaji, naye Mtendaji akawaita polisi. Askari walikuja wenyewe kulichukua. Shemeji aliandika maelezo, akapewa karatasi ya kuonyesha kwamba amelikabidhi. Mwaka 2022 Serikali ilikuwa imetoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ya kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekwenda wakati ule. Ukisikia tangazo la namna hiyo tena, usingoje wiki ya mwisho.

Mama mzaa chema alilia kidogo, kwa kuwa gobore lile lilikuwa ukumbusho wa mumewe. Shemeji alinuna mwezi mzima. Alikuwa na haja ya kweli ya baiskeli, ili apeleke mkaa barabarani. Sasa huiazima siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na mpira ukitoboka siku yake, analipa yeye.

Wiki iliyopita nilipita shambani. Majirani wanne wamekubali kufyeka, wa tano bado anasema atakuja. Dungu limesimama, ingawa ngazi yake inayumba. Nguruwe waliingia mara moja mwezi huu, upande wa yule wa tano, wakachimba mistari miwili ya mihogo michungu na kuacha mingine. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mkorosho, ina tairi jipya nyuma.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha makopa wakati wa mvua.